Mkaguzi Mlangoni

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu, Daktari wa Ng'ombe,

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa? Mbwa wako amekula mlango! Sikutanii. Kona yote ya chini ameitafuna, na sasa mtu akiinama huko nje anaiona miguu yangu humu ndani. Asubuhi kuku wa jirani aliingiza kichwa hapo, akatazama maisha yetu, akaondoka.

Uliponiachia Mkaguzi ukaenda huko porini kuchanja ng'ombe wa watu, uliniapia kwamba ni mbwa mpole, kazi yake kukagua masufuria na kulala. Na kweli alikuwa hivyo. Lakini tangu katikati ya Aprili amegeuka. Mtu akifika akasema hodi tu, mnyama anaruka kutoka alikolala na kubweka mpaka vikombe vinagongana kabatini. Haumi, niseme haki yake, lakini nani atasubiri kuhakikisha? Msoma mita alikimbia akaacha kiatu. Mshonaji wa chumba cha pili, rafiki yangu wa siku zote, siku hizi ananipungia mkono kutoka dirishani kwake.

Kubwa kuliko yote: Mama Mwenye Nyumba alikuja kuangalia bomba linalovuja. Alibisha hodi zake tatu, akajibiwa na mbwa tu, akageuka na mwavuli wake kwapani. Jioni nikakuta barua chini ya mlango (mlango huu huu ulioliwa). Mbwa aondoke kabla ya mwisho wa Juni, la sivyo tuhame wote wawili. Watatu, maana paka naye simsahau. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kukosa adabu tangu azaliwe, amekojoa kitandani kwangu. Juu ya mto!

Nimejaribu kandambili. Ninamtupia Mkaguzi, anaikwepa, kisha ananiletea mdomoni akitikisa mkia.

Wewe ni daktari, hata kama ni wa ng'ombe. Niambie nifanye nini, na uniambie haraka. Mlinzi wa machimbo ya mawe anamtaka, na tayari ana mnyororo.

Dada yako,
Nyundo

*

Tarehe 11 Mei

Dada Nyundo,

Barua yako imekuja na gari la chanjo, ndani ya sanduku la barafu, imelowa na inanuka dawa. Nimeisoma nimesimama. Samahani.

Usimpe yule mlinzi! Dada, nakusihi. Mkaguzi akifungwa mnyororo machimboni, baruti zikilia mchana kutwa, hatakuwa mlinzi wala mbwa. Atakuwa kitu cha kuhurumiwa. Nilimlea kwa chupa, unajua. Nipe nafasi.

Na nikuambie ukweli, kesi yako imenisisimua! Huku wagonjwa wangu wote wanasema kitu kimoja tu, na wanakisema kwa mdomo uliojaa majani. Sasa sikiliza. Tabia ya mnyama haizuki tu. Kuna kilichoitangulia na kuna kinachoifuata, na jibu limejificha katikati. Kwa hiyo kandambili irudi mguuni. Ukimtupia mgeni akiwa mlangoni, atajifunza kwamba wageni huja na kandambili zinazoruka, na atawachukia zaidi.

Kwanza mpapase. Masikio, meno, nyonga, tumbo. Mnyama mpole akibadilika ghafla, maumivu ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kisha niandikie: anambwekea kila mtu, au baadhi? Anaacha wakati gani? Wewe wakati huo unafanya nini, unasema nini? Mgeni akibisha hodi, wewe itikia karibu kwa ile sauti yako ya mnadani, halafu mwambie Mkaguzi "tulia" polepole, na umpe kitu kitamu akinyamaza. Kuhusu Mwenyekiti, umelihamisha sanduku lake la mchanga?

Habari njema: Jumamosi ya tarehe 18 tunashuka mjini kuchukua dawa. Huko simu inashika! Nitakupigia, uniwekee simu karibu naye nimsikie anavyobweka. Sauti ya mbwa inasema mengi.

Mdogo wako

*

Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

USIPIGE SIMU. Simu yangu imeanguka kwenye ndoo ya maji, imekufa, imezikwa. Nimempa dereva wa chanjo barua hii mkononi ili ikuwahi.

Majibu yako haya hapa. Nimempapasa mbwa kila mahali mpaka akadhani ninampenda. Haumwi popote. Hambwekei kila mtu. Fundi wa paa anapita hapa kila siku na ngazi begani, hasemi lolote, na Mkaguzi hata jicho hafungui. Ni yule anayesema hodi tu! Na hanyamazi mgeni akishaingia. Nikifungua mlango mtu akakaa kitini, bado anabweka tu. Anabweka, ananigeukia, ananitazama usoni, anabweka tena. Mpaka mtu aondoke.

Kuna jingine, na hili linanichekesha na kunitisha. Anakuja kukaa mbele yangu na kuukodolea macho mdomo wangu. Nikiwa nakula ningeelewa, ni mlafi. Lakini hata nikiwa nashona kifungo! Anakaa, anainamisha kichwa upande, anangoja. Wakati mwingine ananilamba shingo.

Ulivyosema nimefanya. Nimeitikia, nimesema tulia. Wapi! Hasikii.

Sanduku la paka, ndiyo, nimelihamisha. Chumbani lilikuwa linanuka, nimeliweka nyuma ya mlango wa mbele.

Juni inakuja, ndugu yangu. Nimeanza kuangalia nyumba nyingine na zote zinasema bila wanyama.

Nyundo

*

Tarehe 22 Mei

Dada,

Nianze na Mwenyekiti kwa sababu kesi yake ni nyepesi. Hana kosa! Wewe mwenyewe ungekwenda kwenye choo kilicho nyuma ya mlango wa mbele, na kila ukichuchumaa jitu linabweka juu ya kichwa chako? Ungetafuta mahali penye utulivu, na katika nyumba hiyo hakuna penye utulivu kama mto wako. Lirudishe sanduku chumbani, lisafishe kila siku, na mto uoshe mpaka harufu iishe kabisa, kwa maana akiisikia atadhani ndipo mahali pake. Atarudi kwenye adabu. Mwenyekiti ni mtu wa utaratibu.

Sasa kaa chini wewe.

Nilipiga simu. Ile iliyozikwa. Ikaita vizuri kabisa, ikapokelewa. Nikasema, "Haloo, Dada?" Nikasikia mtu anapumua. Nikasema tena. Nyuma yake Mkaguzi alikuwa analia ule mlio wake mwembamba. Kisha ikakatwa.

Nimerudi kambini nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Ni wasemao hodi tu. Anabweka, anakutazama. Anautazama mdomo wako, anangoja. Jana nilikuwa nimeshika pembe za dume moja kaidi, mkono mmoja sindano, na nikaona jibu lote mara moja. Nilipiga kelele, dume likanitupa kwenye matope, na sikujali!

Mkaguzi amekua katika nyumba ambayo mtu akisema hodi, wewe unasema karibu, na ukisema karibu wewe, hata wapita njia wanaingia. Kwake hodi ni swali na karibu ni jibu. Jibu likishatoka, mambo ni salama na mbwa anaweza kurudi kulala. Sasa swali linaulizwa na jibu haliji. Mtu anaingia ndani na jibu bado halijaja! Yeye hana ugomvi na hodi. Anaililia karibu ambayo haisemwi. Na anajua inakotokea, ndiyo maana anakukodolea mdomo.

Umeniandikia kwamba umeitikia. Mbwa anasema hujaitikia, na mbwa huyo hajui kudanganya.

Dada, sauti yako iko wapi?

Niambie ukweli, au ninaacha ng'ombe hapa walivyo na ninakuja.

Mdogo wako

*

Tarehe 28 Mei

Mdogo wangu,

Usije. Ukija nitakufukuza kwa maandishi.

Ni kweli. Palikuwa na uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Si ule mbaya, wameupima, pumua. Waliutoa katikati ya Aprili, na daktari akaniambia nisitoe sauti kabisa, hata kunong'ona marufuku, kucheka marufuku. Ilikuwa iwe kwa muda mfupi. Lakini kidonda kinafunga kwa kujivuta, na kila nikienda ananiongezea muda.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja. Kazi hiyo umeihangaikia, umefunga mizigo ukiimba, nami nikuite urudi ukae na mtu asiyesema? Mnadani wanajua niko likizo. Majirani hawajui kitu. Nikitoka ninafunga skafu na kutembea haraka, mtu akinisalimu ninapunga mkono kama mwenye shughuli nyingi. Shughuli zenyewe ni kurudi nyumbani.

Simu niliipokea kwa sababu nilitaka kukusikia. Uliposema "Dada" mara ya pili nikakata, maana kulia nako kunatoa sauti.

Naogopa. Nimeliandika, sasa lipo kwenye karatasi.

Lakini hebu ona mbwa huyu! Watu wote nimewazunguka, na yeye akanishika siku ya kwanza! Nimemkumbatia leo mpaka akaanza kutafuta njia ya kutoka. Sasa simtoi, hata nikilala nje. Ila nifanyeje? Karibu siwezi kusema, na Juni imekaribia.

Nyundo asiyegonga

*

Tarehe 4 Juni

Dada yangu mpenzi, mwongo mkubwa,

Nimekasirika kwa dakika kama kumi hivi, kisha nimelia kidogo nyuma ya gari la chanjo, kisha nimeanza kuruka kwa sababu DAWA IPO!

Mbwa hahitaji neno lenyewe. Anahitaji jibu. Na jibu linaweza kuwa mlio wowote, mradi uwe mmoja na usibadilike. Una nyundo ya mnada, siyo? Hiyo ndiyo karibu yako mpya!

Anza bila mgeni. Gonga nyundo mezani, mpe kipande cha ini. Gonga, ini. Hutasema kitu, na hilo ni zuri, maana sisi watu tunawachanganya wanyama kwa maneno mengi. Utajua amekwiva pale utakapogonga naye ageuke kutafuta ini kabla hujaufikisha mkono mfukoni. Halafu mtandikie mkeka mbali kidogo na mlango, na ini lianze kuangukia mkekani tu. Gonga, mkeka, ini. Ndipo uingize hodi. Mwanzoni ya sauti ya chini kabisa, mtu akiwa humo humo ndani. Kisha nje, mlango wazi. Kisha nje, mlango umefungwa. Akishindwa hatua moja, rudi ya nyuma yake, usimkemee. (Najua huwezi. Namaanisha hata kwa macho. Macho yako yanakemea kuliko mdomo.)

Sasa pale pagumu. Lazima awepo mtu wa kusema hodi. Mwambie mshonaji. Huwezi kumfundisha mbwa kupokea wageni huku wewe mwenyewe umejificha.

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Juni

Daktari! Daktari wa ng'ombe, mbwa, paka na mabubu!

Nimemwambia mshonaji. Nilimpelekea karatasi, akaisoma, akaikunja, machozi yakamlengalenga. Halafu akaanza kunisemesha kwa mikono! Anaonyesha koo, anaonyesha mbinguni, anakunja vidole hivi na vile. Nikaandika: NASIKIA! Akaichukua kalamu kwangu, akaandika chini yake: Sawa. Ilibidi nijizibe mdomo nisicheke.

Tangu hapo anakuja kila akimaliza kazi, na sijui nani anafurahi zaidi, yeye au mbwa. Anasema hodi kwa sauti zote. Hodi ya mdeni, hodi ya mchumba, hodi ya polisi. Mkaguzi mwanzoni alichanganyikiwa, akabweka, akanitazama mdomo. Nikagonga. Ungeona uso wake! Alisimama, akatazama nyundo, akanitazama, kama mtu aliyetafuta miwani siku nzima na kuikuta kichwani. Akaenda mkekani! Mwenyewe! Nilitamani kupiga kelele mtaa mzima usikie. Niliruka tu mahali pale pale, kimya kimya.

Mwenyekiti amerudi kwenye sanduku lake na hataki mambo ya zamani yatajwe.

Lakini leo kuna balaa. Fundi wa paa ameanza kupiga misumari nyumba ya nyuma. Kila msumari, Mkaguzi anakimbilia mkekani na kunitazama. Msumari mwingine, anainuka, anakaa upya kwa adabu zaidi. Amekula maini yote yaliyokuwemo ndani, na paa zima bado! Je, nimemharibu?

Nyundo

*

Tarehe 20 Juni

Dada,

Hujamharibu, umemfundisha kupita kiasi cha mwalimu! Nimewasomea wenzangu barua yako kambini, mpishi amecheka mpaka ugali ukaungua.

Badilisha mdundo. Mbili za haraka, nyamaza kidogo, kisha moja. Fundi hapigi hivyo. Lipa mdundo huo tu, misumari isilipwe. Siku mbili tatu atatofautisha, ana akili kuliko anavyojionyesha.

Na usingoje Mama Mwenye Nyumba aje kuwatoa. Mwandikie, mwalike kabla ya siku yake, aje aone kwa macho. Mweleze habari ya koo vilevile. Najua hutaki. Mweleze.

Nimeshindwa kulala vizuri. Gari linakuja tena mwisho wa mwezi, na nitalingoja barabarani.

Mdogo wako

*

Tarehe 29 Juni

ANABAKI! ANABAKI! ANABAKI! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mali imeuzwa!

Sasa nikusimulie, ninaandika mbio, usicheke mwandiko.

Nilimwalika, ila habari ya koo sikuiweka kwenye mwaliko. Nilishindwa. Niliiandika kwenye karatasi nyingine, nikaiweka mfukoni, nikajiambia nitaitoa mambo yakiharibika. Leo alasiri akaja. Hodi yake ilikuwa baridi, hodi ya mtu anayekuja kuchukua funguo. Mkaguzi akaruka, akabweka mara moja, akanigeukia. Nikagonga. Mbili, nyamaza, moja. Mdogo wangu, mbwa alitetemeka kuanzia masikio mpaka mkia, alitaka kubweka kwa moyo wake wote, na akaenda mkekani akakaa! Nikafungua mlango. Kimya! Unasikia maji yakidondoka kwenye bomba.

Nikadhani tumeshinda. Lakini Mama Mwenye Nyumba hakuingia. Alisimama pale kizingitini, akaitazama nyundo, akanitazama mimi. Akasema, "Sasa huku ndiko kunikaribisha, au unaniuza?"

Sikuwa na njia nyingine. Nikatoa karatasi ya mfukoni.

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Kisha akaingia, akavuta kiti, akakaa kwa uzito, mwavuli wake ukaanguka na hakuuokota. Akasema, nakuandikia kama alivyosema, "Mbwa kubweka si kitu, mwanangu, ndiyo kazi yake. Mimi nilisimama hapo nje nikabisha hodi tatu kwenye nyumba niliyoijenga na marehemu mume wangu, tofali kwa tofali. Nakusikia unatembea ndani. Hata kupitia tundu la mlango nikaiona miguu yako! Na hukuniambia karibu. Nikasema, basi, huyu amenidharau. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Barua ya kumtoa mbwa niliiandika kwa sababu sikujua niandike nini kingine."

Unaona? Unaona, daktari? Ugonjwa ule ule! Yeye na Mkaguzi wamekaa pande mbili za mlango mmoja, wote wawili wanaingoja karibu yangu, na kila mmoja anasikia kelele za mwenzake tu. Nilitaka kumwambia, lakini sikujua kama mwenye nyumba anapenda kufananishwa na mbwa. Nikacheka kwa mabega.

Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Angekuja na kalamu, angekuja na uji, angekaa nami. Nikaandika jambo ambalo hata wewe sikukuandikia. Daktari wa koo ataniona wiki ijayo na hajui sauti itarudi kiasi gani, na sijalala vizuri tangu Aprili kwa swali moja tu. Nikaandika: Mpiga mnada asiye na sauti ni nani?

Akavaa miwani. Akaishika karatasi mbali, akaileta karibu. Kisha akanirudishia.

"Ni mpangaji wangu," akasema. "Na amenisimamisha mlangoni vya kutosha. Niletee maji ya kunywa."

Nilichukua muda mrefu sana jikoni kuleta hayo maji.

Dada yako